KABLA HUJAISHIKA BIBLIA JUKWAANI: SOMO KUTOKA UJIJI HADI KALINZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, vijana wa Kalinzi wameniuliza swali, na najua si wao peke yao wenye swali hilo: "Sheikh, tunataka kufanya mhadhara wa kulinganisha dini hapa kijijini. Biblia tunazo, aya tumeziandika kwenye daftari, spika tumepata. Unatushauri nini?"

Jibu la haraka ni rahisi kulitoa. Lakini Kalinzi unaijua. Ni milimani, kwenye kahawa na migomba. Msikiti upo, kanisa lipo, na mara nyingi waendao huku na waendao kule ni watoto wa bibi mmoja. Ukimtukana mtu dini yake pale, umemtukana mjomba wako, na kesho mtakutana kwenye matanga. Kwa hiyo leo nakujibu kwa historia. Soma taratibu, usiruke.

*1. DINI MBILI ZILIVYOKUTANA KATIKA ZIWA HILI*

Uislamu ulitangulia kufika Ujiji. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha weka makazi pale katikati ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta mji wa biashara wenye Waislamu ndani yake. Wamisionari wa Kiprotestanti wa London Missionary Society waliingia Ujiji Agosti 1878. Mapadri Weupe, Wakatoliki, wakafuata Januari 1879. Mkubwa wa mji wakati huo alikuwa Mwinyi Kheri.

Hawa wageni hawakupata wafuasi Ujiji kama walivyotarajia. Wakahamia sehemu nyingine za ziwa. Mapadri Weupe walikwenda upande wa Burundi na ng'ambo ya Kongo, na mwaka 1885 wakashika Karema, kusini huko.

Sasa hapa tuwe wakweli, maana Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu (An-Nisaa, 4:135). Ujiji ilikuwa soko la pembe za ndovu, na pia ilikuwa soko la watumwa. Wamisionari walikomboa watu wengi, watoto wakiwemo, wakawakalisha katika vituo vyao na kuwafundisha dini yao. Karema aliishi mganga maarufu, Adrian Atiman, mtu wa upande wa Timbuktu, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa udaktari. Alihudumia wagonjwa pale kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki mwaka 1956.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu utakapopanda jukwaani na kusema, "Ukristo uliletwa na mkoloni," mzee wa Kikristo atakuuliza, "Na yule aliyemfunga babu yangu mnyororo kumpeleka pwani alikuwa dini gani?" Utajibu nini? Jibu la haki lipo: dhulma ya mfanyabiashara si hoja dhidi ya Qur'an, kama ambavyo dhulma ya mkoloni si hoja dhidi ya Nabii Isa (a.s.). Ukiikubali kanuni hii, itumie pande zote mbili. Ukiikataa, itakugeukia wewe kwanza.

*2. BIBLIA ILIVYOKUJA KUSEMA KISWAHILI CHA MSIKITINI*

Jambo hili wengi wetu hatulijui. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nani alimsaidia? Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi wa Kiislamu aliketi na padri, akamsaidia maneno.

Baadaye Unguja akaja Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifanya kazi hiyo ya tafsiri hadi alipofariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Ile ambayo sisi sote tumeizoea, inayoitwa Union Version, ilitoka mwaka 1952.

Sasa fungua ukurasa wowote uhesabu. Nabii. Malaika. Injili. Torati. Zaburi. Dhambi. Toba. Imani. Rehema. Sadaka. Ibada. Shetani. Jehanamu. Hata neno "kanisa" lenyewe na neno "msalaba". Yote yametokana na Kiarabu. Wamisionari walikuta lugha iliyokwisha lelewa na madrasa, na hawakuwa na njia nyingine ya kuzungumza na watu.

Hapa kuna faida na kuna mtego.

Faida ni kwamba Muislamu na Mkristo wa Kigoma wanaelewana kwa maneno kuliko watu wa nchi nyingi duniani. Mtego ni kwamba neno linaweza kuwa moja na maana zikawa mbili. Sisi tukisema "Injili" tunakusudia kitabu alichoteremshiwa Isa (a.s.) na Mola wake. Mkristo akisema "Injili" anakusudia habari njema kuhusu Yesu, iliyoandikwa na Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Kwake yeye si kitabu kilichoteremshwa kama tunavyoelewa wahyi sisi. Ni ushahidi wa watu walioandika, na anaamini waliongozwa na Roho Mtakatifu.

Unaona tatizo? Ukimwambia, "Nionyeshe Injili aliyoshushiwa Yesu," unadhani umemkaba koo, kumbe yeye hajadai kuwa nayo. Mjadala wa saa tatu unapotea kwa neno moja ambalo kila mmoja anadhani mwenzake anatumia kwa maana yake. Hata Mungu wa Waha huitwa Imana, na wazee wetu walimtaja kwa jina hilo kabla ya msikiti na kabla ya kanisa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza andiko linasema nini, uliza: *neno hili kwake lina maana gani?*

*3. MASHEIKH WA UJIJI WALIVYOISHIKA BIBLIA*

Ndugu yangu, mihadhara ya Biblia unayoiona YouTube haikuanzia Dar es Salaam. Mzizi wake mmoja mkubwa uko hapa hapa kwetu. Marehemu Sheikh Musa Hussein wa Ujiji ndiye aliyewafundisha Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba. Hao wawili wakaizungusha mihadhara hiyo nchi nzima miaka ya 1980, na mwaka 1987 wakatoa kitabu kiitwacho *Uislamu Katika Biblia*.

Wakati huo huo kanda za Sheikh Ahmed Deedat wa Durban zilikuwa zinasambaa. Deedat alianza akiwa muuza duka karibu na Adams Mission, huko Natal. Wanafunzi wa misheni walikuwa wakija dukani na kumsumbua kwa maswali juu ya Mtume (s.a.w.), naye hana jibu. Siku moja akaokota ghalani kitabu *Izhar al-Haqq*, na maisha yake yakabadilika.

Kitabu hicho kiliandikwa na Sheikh Rahmatullah Kairanawi wa India mwaka 1864. Miaka kumi kabla ya hapo, yaani 1854, Kairanawi alifanya mjadala mkubwa mjini Agra na mmisionari Karl Pfander. Sikiliza alivyojiandaa. Hakwenda na Qur'an peke yake. Alikuwa pamoja na Dakta Wazir Khan, aliyekuwa amesoma vitabu vya wahakiki wa Biblia wa Ulaya, yaani Wakristo wenyewe wanaochunguza nakala za maandiko yao. Pfander hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akalazimika kukiri mbele za watu kwamba yapo makosa ya wanakili katika baadhi ya mahali.

Kairanawi alishinda kwa kusoma, wala hapakuwa na spika pale.

Na sisi? Mihadhara ilituletea kheri nyingi, hilo silikanushi. Kijana wa Kiislamu aliyekuwa anaona haya shuleni alipata cha kujibu. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, baadhi ya majukwaa yakaingiwa na kejeli. Serikali ikaanza kuzungumzia kashfa za dini. Tarehe 13 Februari 1998, siku ya Ijumaa, yakatokea ya Mwembechai, Dar es Salaam, na Waislamu wakapigwa risasi wakafa. Allah awarehemu. Katika miaka hiyo watu walibishana sana: Muislamu akisema Yesu si Mungu, je, hiyo ni kashfa au ni itikadi yake? Jibu langu ni kwamba hiyo ni itikadi yetu, na hatuwezi kuificha. Lakini *namna* ya kuisema ndiyo inayotofautisha mwanachuoni na mchochezi, na Qur'an imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa kinyume cha Allah, wasije nao wakamtukana Allah kwa kutojua (Al-An'aam, 6:108).

*4. HOJA TATU ZA KUZIACHA*

Sasa nifungue daftari lenu. Humo najua mtakuwa na hoja hizi tatu, maana kila jukwaa linazo.

*Ya kwanza:* "Biblia ilichaguliwa na mfalme Konstantino kule Nikea mwaka 325." Si kweli. Mkutano wa Nikea ulijadili mafundisho ya Arius na uhusiano wa Mwana na Baba. Haukupanga orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama ilivyo leo inaonekana katika barua ya Athanasius wa Aleksandria ya mwaka 367, na matumizi ya vitabu vingi kati ya hivyo yalikuwa ya zamani zaidi. Hoja yenye nguvu ipo palepale Nikea, lakini ni nyingine: karibu karne tatu baada ya Nabii Isa kuondoka, maaskofu wenyewe bado walikuwa wanabishana yeye ni nani hasa kwa Mungu. Sema hiyo, maana hakuna atakayekukanusha.

*Ya pili:* "Injili ya Barnaba ndiyo ya kweli, inamtaja Muhammad." Ndugu yangu, weka chini kitabu hicho. Nakala yake inayojulikana ni ya Kiitaliano, iko Vienna, nayo ni ya zama za mwisho mwisho. Ndani yake jubilei ni kila miaka mia, wakati katika Torati ni kila miaka 50. Hiyo ya miaka mia ilitangazwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300! Ndani yake pia Yesu anapanda chombo na kushuka Nazareti, wakati Nazareti iko vilimani. Ni kama mtu akwambie alipanda boti Kigoma mjini akateremkia bandari ya Kalinzi. Utamwamini?

Zaidi ya hapo, kitabu hicho kinapingana na Qur'an. Kinadai Isa (a.s.) si Masihi, ilhali Qur'an inamwita Al-Masih mara kadhaa. Kinasema Maryam alijifungua bila uchungu, ilhali Surat Maryam (19:23) imetaja uchungu uliompeleka kwenye shina la mtende. Unajenga hoja ya Uislamu kwa kitabu kinachoikanusha Qur'an?

*Ya tatu:* kumletea mchungaji glasi ya sumu umwambie anywe, kwa sababu ya Marko 16:18. Watu hucheka na takbira hupigwa. Lakini wanachuoni wa Kikristo wenyewe wanasema kwamba Marko 16:9 hadi 20 haimo katika nakala mbili za kale mashuhuri zaidi, Sinaiticus na Vaticanus, na tafsiri nyingi za sasa huweka alama hapo. Yaani wewe unamdhihaki kwa aya, na yeye anaitetea kwa jasho, na wote wawili hamjui kwamba wasomi wake wameitilia shaka zamani. Kama ungemwambia hilo kwa upole, ukamwonyesha tanbihi katika Biblia yake, angeondoka akifikiri. Glasi ya sumu inamfanya aondoke na chuki tu. Na fikiria kama angekunywa. Ungesema nini mbele ya Allah?

*5. WANACHUONI WETU WALIISOMAJE?*

Usidhani kulinganisha ni jambo jipya. Ibn Hazm wa Andalusia aliandika kwa ukali juu ya kubadilishwa kwa maneno ya vitabu vya kale. Ibn Taymiyya aliandika *Al-Jawab al-Sahih* kujibu risala iliyotoka Cyprus, akaeleza kwa urefu itikadi za Wakristo kabla ya kuzijibu. Wanachuoni wetu walitofautiana: je, mabadiliko yaliingia katika maneno yenyewe, au zaidi katika kufasiri maana? Al-Biqa'i, mfasiri wa Cairo aliyefariki mwaka 1480, aliitumia Torati na Injili zilizokuwepo katika tafsiri yake ya Qur'an. Wenzake wakamshambulia, naye akaandika kitabu kizima kutetea jambo hilo. Walibishana kwa kalamu.

Mizani yetu ni hadithi mbili zilizopokewa na Bukhari. Moja inaruhusu kusimulia habari za Bani Israil bila ubaya. Nyingine inatuzuia kuwasadikisha au kuwakadhibisha Watu wa Kitabu katika lile tusilokuwa na dalili nalo. Yanayokubaliana na Qur'an tunayakubali, yanayopingana nayo tunayakataa, na yaliyobaki tunanyamaza. Kunyamaza nako ni elimu!

Tazama na adabu ya Mtume wetu (s.a.w.). Adiy bin Hatim alikuwa Mkristo. Aliposikia aya isemayo kwamba waliwafanya wanachuoni na watawa wao kuwa miungu (9:31), alisema: sisi hatuwaabudu. Katika kisa hiki kilichopokewa na Tirmidhi na wengineo, Mtume hakumwambia "unaongopa." Alimweleza kwamba walihalalishiwa na kuharamishiwa, nao wakawafuata, na huko ndiko kuabudu kulikokusudiwa. Alianza na alivyojieleza mtu mwenyewe, kisha akamfungulia maana.

Basi nasi tufanye hivyo katika Utatu. Usimwambie Mkristo, "Nyinyi mna miungu watatu," halafu ukamaliza. Yeye anasema Mungu ni mmoja katika asili, na nafsi ni tatu. Eleza hivyo hivyo anavyosema. Kisha muulize: Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, kwa nini katika Marko 12:29 alijibu kwa kukariri kauli ya Musa ya Mungu mmoja? Na maneno yale ya Baba, Neno na Roho katika 1 Yohana 5:7 ya Biblia za zamani, kwa nini hayamo katika nakala za kale za Kiyunani? Hoja hizi zinasimama kwa miguu yake.

*6. MACHOZI YAKE USIYACHEZEE*

Liko jambo ambalo hoja haliligusi. Mkristo wa Kalinzi hakuamini kwa sababu ya Nikea. Aliamini kwa sababu aliomba akiwa na shida akaona amesikiwa, au mama yake alilia kanisani akaacha pombe. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliingia Afrika Mashariki kwa njia hiyo: watu waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha walichoiba. Leo kuna walokole wanaonena kwa lugha.

Sisi tunasema: hali ya moyo peke yake si dalili ya usahihi wa itikadi. Kila dini ina watu wanaolia. Lakini hiyo haimaanishi machozi ni ya uongo. Qur'an yenyewe (5:82-83) imewasifu watu waliosema sisi ni Wanasara, ambao macho yao yalibubujika machozi walipoisikia haki. Na kumbuka Ujiji, mji wa Qadiriyya, ambako wazee wetu walikaa kwenye dhikri mpaka usiku mwingi. Ukipenda wasioelewa wasiicheke dhikri ya babu yako, usiyacheke maombi ya jirani yako. Yapinge kwa elimu ukitaka, lakini usiyacheke.

Maana sisi tumekwisha onja. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa UMCA alichapisha tafsiri ya Qur'an nzima kwa Kiswahili, na maelezo yake ya Kikristo juu yake. Waislamu wa pwani waliumia: mtu asiyeamini kitabu chetu ametuelezea sisi maana yake. Maumivu yale yalizaa kheri, kwani wanachuoni wetu waliona haja ya kuandika wenyewe, na mwaka 1969 tukapata *Qurani Takatifu* ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Sasa unapoishika Biblia mbele ya Wakristo, kumbuka kwamba saa hiyo wewe ndiye Dale.

*7. JIBU LANGU KWENU*

Fanyeni mhadhara, lakini kwa masharti manne. Kwanza, kila atakayesimama awe ameisoma Injili moja mwanzo mpaka mwisho, siyo aya za daftari. Pili, awe anaijua Qur'an yake zaidi ya anavyoijua Biblia, maana nimeona vijana wanaotaja Yohana 14 kwa haraka na Suratul Ikhlas hawajui tafsiri yake. Tatu, mwalikeni mwalimu wa upande wa pili, apewe muda sawa. Nne, mzee yeyote wa Kikristo akiondoka pale amedhalilishwa, hesabuni mmeshindwa, hata kama takbira zilikuwa nyingi.

Allah ametuambia tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora zaidi (29:46). Hakusema njia nzuri. Amesema iliyo *bora zaidi*.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata. Wape ndugu zetu na jamaa zetu uongofu, na usituifanye sisi kuwa ndio pazia lao na haki. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mwenye swali aulize kwa adabu hapo chini, na ukiona ina faida, msambazie mwenzako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.